Tarumbeta ya Kazadi na Wazee wa Uswidi

Mwenye ruhusa ya kumwita mume wangu Kazadi mwongo ni mimi peke yangu. Nimemwita hivyo kwa sababu ya bomba la jikoni alilosema ameshalitengeneza, na kwa sababu ya samaki aliyesema amemsahau kwenye tramu, kumbe wamemla na rafiki zake pale Flagey. Mtu mwingine akimwita mwongo nikiwepo, atanitambua mimi Berthe ni mtoto wa nani.

Mwaka 2010 mtu huyo alitokea, na hakuwa wa kufukuzwa kwa ufagio. Alikuwa papa Tshibangu, baba yake Joël, na Joël ndiye aliyekuwa anamwoa binti yetu Anaïs. Bokilo, tunavyoita sisi: mkwe ambaye lazima umpe kiti kizuri hata kama anakukera.

Maneno yalianzia kwenye tarumbeta. Sisi watu wa Katanga tunaoishi Brussels hatujui arusi ambayo bibi arusi anaingia ukumbini bila Kazadi kupiga ule mwito wake. Ni mfupi, unapanda haraka haraka, unatulia kidogo kule juu, halafu unarudia. Kabla hajaumaliza wanawake wameshapiga vigelegele na mashangazi wameshaanza kulia. Mwito wenyewe hauna ubaya. Ubaya ni kwamba ukimuuliza ameutoa wapi, hasemi kanisani wala shuleni kama mtu mwenye akili zake.

"Ni ya régiment ya ba-canons ya Suède," anasema, yaani kikosi cha mizinga cha Uswidi, na uso umetulia kabisa.

Halafu anakupa hadithi yote. Mwaka 1961, Lubumbashi ikiwa bado inaitwa Elisabethville, Waluba wengi walizikimbia nyumba zao kwa hofu wakaingia kambi ya wakimbizi, na waliolinda kambi ile walikuwa askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Uswidi. Kazadi, Mluba pia, alikuwa humo kambini, kijana wa miaka kumi na saba. Askari mmoja aliitwa Nils, mpiga tarumbeta aliyetoka kikosi cha mizinga cha kwao kaskazini. Alimfundisha Kazadi kupiga, na siku ya kuondoka akamwachia tarumbeta yenyewe pamoja na miito miwili. Lugha ya kuelewana hawakuwa nayo, walitumia mikono. Kwa mwito wa kwanza Nils aliruka kutoka kitini, akapunga mikono, akakimbia mpaka mahali fulani, akasimama pale amejaa tabasamu. Kazadi akaelewa kwamba watu wote wanaingia kwenye sherehe. Kwa mwito wa pili Nils aliweka shavu juu ya kiganja na kufumba macho. Kazadi akaelewa kulala. Ndiyo maana wa kwanza ukawa wa maarusi, na wa pili ukawa wa nyumbani kwetu, wa kumlaza Anaïs alipokuwa mchanga. Huo wa pili hakuna mtu wa nje aliyewahi kuusikia.

Watu walicheka. Walimwita Papa Suède, naye akacheka pamoja nao. Kucheka mezani penye chupa za bia si matusi.

Lakini siku ile familia mbili zilipokutana sebuleni kwetu kupanga arusi, papa Tshibangu hakuwa anacheka.

"Bokilo, tusikilizane," alisema. "Ile trompette, bon, iko muzuri. Lakini ile histoire ya Suède, mu mariage ya mutoto wangu, hapana. Batu banacheka. Mi sitaki Joël aingie mu famille ya muntu wa bongo."

Bongo kwetu ni uongo. Nilikuwa nimeshika sinia ya glasi, na Mungu ni shahidi, sinia hiyo nusura iruke.

"Si bongo," Kazadi alisema.

"Alors, témoin yako, shahidi, iko wapi? Mu myaka yote ile, ata mu-Suédois mumoja? Njia ya mwongo ni fupi, bokilo."

"Ni fupi?" nikadakia. "Hii ya bwana yangu inatembea karibu myaka makumi tano na haiyafika ku mwisho!"

Anaïs alinikanyaga mguu chini ya meza. Papa Tshibangu akainua kidole.

"Bon. Siku mu-Suédois mumoja atasimama mbele yangu aseme ni kweli, mi mwenyewe nitakubebea ile trompette mpaka ku tram. Mais mbele ya ile siku, usipige. DJ ataweka disque."

Kazadi alijibu neno moja tu: "Sawa." Wageni walipoondoka aliitia tarumbeta kwenye mfuko wake, akaisukuma chini ya kitanda, akaketi hapo juu kama mtu aliyefiwa. Kisha akaniuliza, "Berthe, na we unawaza ni bongo?"

Niliumia, kwa sababu sikujua. Nilimpenda Kazadi akiwa na hadithi yake, sikuwahi kuipima. Nikamwambia avue viatu alale. Lakini toka siku hiyo nilitaka jambo lile liwe kweli, nililitaka kwa mwili mzima, jinsi mtu anavyotaka maji.

Basi sikiliza Mungu anavyocheza. Wiki mbili kabla ya arusi, baada ya misa yetu ya Saint-Gilles, nilikuwa namimina kahawa. Pol alikuwepo. Pol ni padri mzee, Mbelgiji, alikaa Lubumbashi ujana wake wote, sasa amestaafu na anaishi Auderghem karibu na msitu. Swahili yake inawashinda watoto wangu. Akaniambia, hivi hivi tu, akikoroga sukari, kwamba kuna mzee Mswidi amemwandikia. Anaandika historia ya kikosi chake, kikosi cha mizinga kilichovunjwa, na anataka kujua habari za ile kambi ya wakimbizi ya Elisabethville, kwa sababu baadhi ya wenzake walikwenda kule.

"Atafika Brussels Jumamosi ya mariage yenu," Pol alisema. "Yeye na wenzake wawili. Banataka kuangalia canon moja ya kwao mu musée, mu makumbusho."

Nilimwaga kahawa. Nilimshika Pol mkono mpaka akalia aïe.

"Mon père, utanileteya bale bazee ku mariage."

"Niwaulize kwanza kuhusu trompette?"

"Hapana! Usiulize kitu! Ukiuliza, Tshibangu atasema tuliwafundisha maneno. Bakuje, bakule, basikilize."

"Na kama hawaijui ile mwito, maman Berthe?"

"Basi nitakufa kwa haya, na we utanizika."

Sikumwambia Kazadi. Nilimwambia Anaïs peke yake, naye akafurahi mpaka akaruka. Mtoto yule ana kichwa kama changu.

Jumamosi ilifika na mvua yake. Ukumbi wa parokia, pale Saint-Gilles, ulijaa mpaka milangoni. Mimi nilikuwa nimeficha tarumbeta ndani ya beseni, imefungwa kwa liputa, kitenge changu, chini ya taulo za jikoni, kati ya sufuria ya sombe, kisamvu chetu, na samaki wa kukaanga. Kila nilipopita nililigusa lile beseni. Nilikuwa kama msichana anayesubiri barua ya kwanza.

Wazee wakaja. Watatu, warefu, wamevaa suti za zamani zilizopigwa pasi vizuri, na kila mmoja ana beji ndogo kifuani ya mizinga miwili iliyopishana. Aliyeandika historia anaitwa Sixten, ana masikio makubwa na macho ya kucheka. Wa pili alivaa kofia, wa tatu alitembelea fimbo. Niliwaketisha na Pol karibu na mlango wa nyuma, nikawajazia sahani, nikakaa nao kidogo. Mwenye nyumba humlisha mgeni na kumchunguza kwa wakati mmoja.

"Muulize, kikosi yao ilikuwa namna gani," nikamwambia Pol.

Sixten aliweka uma chini. Ilionekana swali hilo ndilo alilokuwa akilingoja tangu atoke kwao. Pol alitafsiri kipande kwa kipande. Kikosi kilianzishwa na mfalme wa zamani aliyewaogopa Warusi. Mizinga ilivutwa na farasi, sita kwa mzinga mmoja, kwenye theluji inayofika kifuani.

"Balipigana vita gani?"

Sixten alifikiri, akaangaliana na wenzake, wakacheka wote watatu.

"Anasema, kwa karibu myaka mia mbili, hakuna," Pol alisema.

"Myaka mia mbili bila vita! Sasa balikuwa banafanya nini?"

"Anasema, farasi hawajui kama hakuna vita. Banakula kila siku."

Nikampenda mzee yule pale pale. Aliendelea. Wao watatu walikuwa katika vijana wa mwisho waliopewa farasi, kila mtu na wake. Wa Sixten aliitwa Freja, alipenda kuuma vifungo vya makoti. Kisha yakaja malori, farasi wakauzwa. Kisha Warusi wakaacha kuogopesha watu, na mwaka 2000 serikali ikasema kikosi hakina kazi tena. Afisa mmoja akasoma karatasi, wakapewa kahawa na keki, wakaambiwa kwaheri. Leo makambi yale ni shule, na mahali walipolala farasi watoto wanaegesha baiskeli.

Nilimkumbuka kaka yangu kule Likasi. Kampuni ya migodi ilipomwachisha kazi na wenzake, na wao walisomewa karatasi. Hata keki hawakupata. Nikamwongezea Sixten samaki.

Mara DJ akaweka diski. Watu wakasimama, simu juu, mlango mkubwa ukafunguliwa. Bibi arusi hakuingia. Diski ikaisha, DJ akairudia. Bado. Minong'ono ikaanza. Hapo sauti ya Anaïs ikasikika kutoka kizingitini:

"Bila trompette ya papa, mi siingie!"

Papa Tshibangu aliinuka kitini, shingo imevimba. Joël, maskini, amesimama mbele na ua lake, anamtazama baba yake, anamtazama mchumba wake. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye beseni. Taulo huku, liputa kule, nikapita katikati ya ukumbi nimeishika tarumbeta mbele ya watu wote, nikamwekea Kazadi mikononi.

"Piga," nikamwambia.

Aliniangalia. Akamwangalia mkwe wake. "Bokilo, unisamehe," alisema kwa upole, akaiweka mdomoni.

Sauti ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ikashika, ikapanda, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Anaïs akaingia anang'aa. Lakini mimi sikumwona binti yangu akiingia, Mungu anisamehe. Macho yangu yalikuwa kwa Waswidi.

Uma zilianguka kwenye sahani. Wote watatu walisimama kwa pamoja, wima, kama waliovutwa na mkono mmoja. Nikaziba mdomo nisipige kelele. Wanaujua! Kisha wakageuka, wakampa bibi arusi mgongo, wakafungua mlango wa nyuma wakatoka. Haraka. Bila kutazama nyuma.

Vigelegele vikakatika.

"Mumeona?" papa Tshibangu, aliyekuwa ameshamdodosa Pol wageni wale ni nani, alipaza sauti. "Ata ba-Suédois benyewe banakimbia!"

Ukumbi mzima ukacheka. Kazadi alishusha tarumbeta. Hakujua wazee wale ni nani wala wametoka wapi, amesikia tu neno Suède, na watu wanacheka. Uso wake sitausahau. Niliona haya kidogo, halafu hasira ikaja ikaiondoa haya yote. Ule mwiko wa sombe ulikuwa mezani, nikauchukua, nikawafuata.

Nje ni ua mdogo, mapipa ya takataka na magari yaliyoegeshwa, na mvua inanyesha. Nilikuwa nimeandaa matusi yangu kwa Kifaransa, mazuri. Yakanipotea.

Wazee wamesimama mstari mmoja. Wima. Wameachana nafasi pana, mtu na mwenzake, na kila mmoja ameinua mkono wa kulia karibu na bega, ngumi imefungwa, haijashika kitu. Yule wa fimbo hakuwa na fimbo. Ameiacha ndani, ametembea mwenyewe. Maji yanawatiririka usoni na hakuna anayejifuta.

"Mbona munaacha chakula?" ndilo neno lililonitoka.

Hawakunitazama. Pol akafika akihema, akamwuliza Sixten. Sixten alijibu bila kugeuza kichwa. Pol akaivua miwani yake, akaishika tu.

"Maman Berthe," alisema, "haiko mwito ya mariage. Ni mwito ya farasi. Ukiisikia, unaacha yote, ata kijiko ikiwa mu kinywa, unatoka kusimama na farasi wako, mukono ku kamba yake. Kikosi yao tu njo ilikuwa nayo. Haikuandikwa hata siku moja, mupiga trompette mumoja anafundisha mwingine. Anauliza, nani anapiga mule ndani sawa na Nils?"

Nils! Mimi sikulitaja jina hilo, Pol hakulitaja! Limetoka kwa Mswidi mwenyewe, kwa kinywa chake! Nilipiga kelele ambayo naambiwa ilisikika mpaka mtaa wa pili, kule Barrière. Nikaufungua mlango kwa teke.

"Kazadi! Kuya! Na we Tshibangu, kuya! Bote mukuye!"

Wakamiminika uani, na bibi arusi na shela lake. Nikamsukuma Kazadi mbele. Pol akaeleza kwa sauti, mbele ya papa Tshibangu na kila mtu: kikosi cha mizinga, Uswidi, Nils, kambi ya Elisabethville, kila neno ambalo mume wangu aliwahi kuchekewa. Nils amekufa zamani, Sixten alisema, na hakumwambia mtu kwamba alimfundisha mwingine. Walidhani mwito umekufa naye. Kazadi alisikiliza, ameikumbatia tarumbeta kifuani.

"Bon, sasa muingie," nikasema huku nalia na kucheka. "Mutapata baridi ya kifua!"

Hawakusogea. Sixten alisema kitu.

"Hawawezi," Pol alisema. "Hii mwito haivunjwe na mudomo. Mupiga trompette njo anabaachilia. Mwaka deux mille hakukuwa tena na mupiga trompette, walibasomea karatasi tu. Anasema, mpaka leo hawajaachiliwa."

"Na mwito ya kubaachilia?"

"Anasema ile ilipotea pia."

Mvua ilizidi juu ya magari. Kazadi alikuna kichwa.

"Mi siko na ingine," alisema. "Nils alinifundisha mbili tu. Ile ingine ni ya kulaza mutoto."

Anaïs alisogea, gauni linaburuta majini, akamshika baba yake kiwiko.

"Papa, piga ile yangu."

Kazadi akanigeukia. Mwito ule haujawahi kuvuka mlango wetu. Nikaitikia kwa kichwa.

Akapiga. Taratibu, kwa upole, vile alivyokuwa akipiga dirishani miaka ile tukiwa na mtoto asiyetaka kufumba macho. Wa kofia aliutambua, akashusha mkono. Wa fimbo akashusha. Mkono wa Sixten ulikuwa wa mwisho. Kabla haujashuka ulifunguka, ukapapasa hewani mara mbili, polepole, kwenye kimo cha shingo ya farasi. Mwito ukaisha, na mabega yao yakalegea, wakawa wazee tena. Yule wa fimbo akayumba, na aliyemdaka asianguke alikuwa papa Tshibangu. Alimshika kiunoni akamwingiza ndani, akamtafutia taulo, akamkausha kichwa yeye mwenyewe.

Sherehe iliyofuata sitaieleza, nilicheza mpaka kiatu kikakatika. Sixten alicheza pia, vibaya sana.

Jioni tulipotoka, papa Tshibangu alikuwa anatungoja mlangoni. Alinyoosha mikono. Kazadi akampa tarumbeta. Akaitia ndani ya koti lake la arusi isilowe, akatangulia, sisi nyuma yake, mpaka kituo cha tramu. Watu wa Saint-Gilles walitupisha njia. Nilijiandaa kumtania barabara nzima, lakini mgongo wake, ulivyoinama juu ya tarumbeta, ulinizuia.

Kituoni alimrudishia Kazadi tarumbeta yake. Lakini yeye mwenyewe hakuiachia mara moja.

"Bokilo," alisema, "ile ya pili. Siku yangu ikifika, utanipigia?"

"Nitapiga," Kazadi alisema.

"Shika rang, fuata mustari, bokilo," nikamwambia. "Mi njo wa kwanza."

Tukacheka wote watatu pale mvuani, tukacheka mpaka tramu ya themanini na moja ikatupita.